Sakafu ya Shangazi

Dada Stela, huku Mwazye baridi inauma, na uji wa ulezi hauniishi mkononi. Jana Shangazi aliita majirani waone kigari changu kinachojiendesha kikifuata mstari wa mkaa niliouchora sakafuni. Kwa kunipokea alikuwa amesiliba sakafu kwa kinyesi cha ng'ombe, ikawa mbichi, nyeusi karibu sawa na mstari. Uliniambia ninunue kihisi kinachopima kiasi cha mwanga. Nikabisha, nikanunua kinachojua nyeusi na nyeupe tu. Kigari kikashindwa kuuona mstari, kikazunguka palepale. "Nisamehe mwanangu," Shangazi akasema, "ningejua nisingesiliba."

Laiti ningekusikiliza! Leo asubuhi kasiliba upya, akaacha ukanda mkavu katikati, njia ya kigari. Nami nakuandikia nikiwa ndani ya basi linalongoja kuondoka Mwazye, kigari kikiwa kwenye begi, hakijaipita njia hiyo.

Wabusu watoto.
Mdogo wako, Beno