Bahasha Niliyoibeba Mwenyewe

Mumbuni, Machakos
12 Agosti 2003

Kwa dada yangu Mutindi,

Salamu nyingi. Natumaini wewe na watoto hamjambo huko Katangi, na kwamba lile goti lako limepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma.

Nimepata kazi ya kupiga taipu. Najmo, binti wa marehemu Daktari Abdifatah, anatayarisha kitabu cha historia ya udaktari huku kwetu. Baba yake na marehemu Daktari Nzuki wa Masii waliandikiana zaidi ya miaka ishirini, na mzee hakutupa hata karatasi moja. Wanazozana juu ya dawa za kifua kikuu, wanaulizana wagonjwa wa kipindupindu walazwe wapi, halafu mwishoni wanataniana kuhusu vitambi vyao. Nimecheka peke yangu siku nyingi, Mutindi. Nilianza kuwapenda.

Wiki iliyopita nikalifikia faili la mwaka 1991. Daktari Nzuki anamwandikia mwenzake habari za mama wa miaka ishirini na miwili. Mtoto amefia tumboni, mfuko wa uzazi umepasuka. Anasema aliushona, na kwa kuwa mimba nyingine ingemuua mama huyo, akamfunga mirija asizae tena. Mume alikuwa kazini Mombasa. Aliyemtilia mgonjwa sahihi ni dada yake, akaomba mgonjwa asiambiwe, mumewe asije akamwacha. Kisha daktari anamsihi rafiki yake: akija kwako, mpe vitamini na maneno mazuri.

Jina hakulitaja. Lakini tarehe ninaijua, ndiyo siku niliyompoteza mwanangu. Mimi niliambiwa nimeshonwa tu. Na barua hiyo niliipeleka kwa Daktari Abdifatah kwa mkono wangu, kama wagonjwa wote wanavyotumwa, bahasha ikiwa imefungwa kwa gundi. Niliifunika kwa leso isilowe mvua. Vitamini nilimeza miaka mitatu. Muindi aliniacha hata hivyo, kwa sababu mkewe hazai.

Sahihi nakusamehe. Ukiambiwa mdogo wako anakufa, utafanya nini? Hata mimi ningetia. Lakini ulifunga nami siku kumi na nne za maombi, ukaniwekea mkono tumboni, ukalia. Ulinichemshia mizizi. Mama mkwe aliponiita tasa mbele ya watu, ulinishika bega ukaniambia nivumilie, Mungu hajalala. Ulikuwa unajua! Naumia, dada. Naumia kuliko siku Muindi aliponitolea virago nje.

Sasa nikuambie nilichofanya. Najmo aliagiza majina ya wagonjwa na jamaa zao yasionekane kitabuni. Mimi, pale daktari alipoandika "dada yake", nimepiga jina lako lote, na kijiji chako. Najmo anakuja kuchukua kurasa Ijumaa ya wiki ijayo. Wino mweupe wa kufutia uko hapa mezani. Bado sijaufungua.

Wasalimie watoto wote mmoja mmoja, na wenzako wa kikundi cha maombi pia. Usinijibu kwa barua, barua nimesoma za kutosha. Njoo uniambie kwa mdomo wako.

Mimi mdogo wako,
Munyiva