Jina Lililolala Nyuma

Katwe, Kampala

Mdogo wangu Nekesa,

Habari za Kitale, na hilo goti lako? Mimi mzima, ila mkono umechoka kwa kisu.

Uliniuliza kama narudi mwezi ujao. Nilikujibu kwamba nina kazi moja ya kukata majina na namba za jezi, ya timu ya wasichana wa Makindye. Wakiikataa, nafunga kibanda na kuja. Sasa sikia yaliyonipata.

Hawakutaka herufi zangu za zamani zilizosimama wima. Walitaka za siku hizi: nene, zenye pembe kali, hata U haina mviringo, zote zimeinama mbele kama mkimbiaji anayechomoka. Timu yao inaitwa MAUA. Nilizichora vizuri, nikakata majina na namba za jezi zote.

Wasswa, mwenzangu wa mashine ya pasi, alibandika jezi ya kwanza, ya kipa, akapiga kelele.

"Banange! Muzee, jina narudi Kenya, namba nabaki Kampala!"

Kweli, namba ilikimbilia mbele, jina likalala nyuma. Kitambaa chetu cha herufi tunakichora upande wa gundi, kwa hiyo kila kitu huchorwa kinyume. Namba niligeuza. Lakini A, M na U zikisimama wima hazina kinyume, na miaka yote sijawahi kuzigeuza. Mkono ulifuata mazoea. Zikiinama, kinyume zinacho.

Gundi ikishapata moto haibanduki. Kitambaa kilichobaki kilikuwa kidogo, na basi lao la kwenda kwenye mechi lilikuwa linaondoka mchana. Wakati huohuo nahodha wao, Nakato, akaingia. Ng'ambo ya barabara kuna duka linalokata herufi kwa kompyuta; angeweza kuvuka tu.

Aliinua ile jezi, akaikagua mgongoni.

"Mzee, zingine unaweza kukata sasa hivi?"

"Naweza. Lakini hiyo imeharibika, na ya rangi hiyo ni moja tu."

"Hiyo ni yangu, mimi ndiyo kipa. Wenzangu waende mbele, mimi nabaki nyuma. Kata!"

Akaketi kwenye stuli, akala chapati yake huku akinitazama mkono. Nilibana herufi hadi kitambaa kikatosha, kila moja nikiigeuza na kuihakiki dirishani kabla ya kukata. Wasswa hakutania tena. Dereva alikuwa akipiga honi tulipobandika ya mwisho.

Walipoondoka nilijikuta na hasira, Nekesa, na sikujua ni ya nini. Baadaye nikaliona sanduku langu la safari. Vitabu vyangu nilikuwa nimeshavipanga humo tangu Jumapili, kabla hata sijaanza kukata, kana kwamba nilikuwa nikingoja waikatae kazi.

Nisalimie shemeji, na dada yetu mkubwa. Mwambie dawa yake ya macho naitafuta. Mkwe wako aliyenisafishia chumba huko mshukuru sana, na umwambie kuku wanaweza kurudi kulala humo.

Vitabu nimevirudisha rafuni, vyote isipokuwa kimoja, nilichokiacha sandukuni.

Kaka yako,
Wafula