Maji niliyotia kwenye betri

Moa, Jumanne usiku

Betri ya sola imezima tena kabla ya isha. Haina hata mwaka. Mke wangu, Mwanaidi, kampigia simu fundi aliyetufungia, kamwambia katuuzia betri mbovu. Fundi wa watu kajibu kwa upole, "Dada, kesho nakuja niitazame."

Mimi nimejitia kukagua nyaya.

Wiki iliyopita niliona maji ya betri yamepungua. Nikaona uvivu kwenda dukani kununua yaliyosafishwa, nikajazia ya kisima chetu, haya yanayotia chumvi hata chai.

Sasa Mwanaidi anashona nguo za harusi ya Ijumaa kwa tochi ya simu. Kesho fundi atafungua vifuniko vya betri na kuigundua chumvi, na bora nimwambie Mwanaidi mimi mwenyewe kabla...

Nimemwita mara mbili. Kila akiitika, naomba maji ya kunywa.