Jina la Gatharaini kwenye Kopo

Jumatatu, 3 Februari

Vikombe arobaini na viwili kabla ya saa tano. Nafyonza kwa kelele, nazungusha mdomoni, natema. Utotoni Mama alinipiga kofi kwa kunywa uji hivi. Siku hizi kuonja chai hivi ndiyo kazi inayonilisha.

Kikombe cha kumi na saba nilikijua kabla sijakitema. Chai ya Gatharaini, kwetu Kenya. Nyekundu, kali, safi. Huenda kuna majani aliyochuma Mama mwenyewe. Theluji ilichelewesha basi kutoka Thorncliffe, ninakoishi hapa Toronto, miguu ilikuwa imelowa, lakini nimefurahi siku nzima kama mjinga.

Bwana Amin, mwenye kampuni, amerudia ahadi yake. Chai hii haitachanganywa na nyingine. Itakuwa na kopo lake, na jina la Gatharaini mbele, herufi kubwa.

Jumapili, 9 Februari

Nimempigia Mama. Ameshawaambia wenzake wote pale kituoni wanapopimia majani. Hata karani anajua. Tangu usichana wake anachuma, majani mawili na kichipukizi, lori linabeba, na hakuna aliyewahi kumwambia yanaishia wapi. Anataka kopo moja alishike, asome.

Nikamwambia atalipata kabla ya Pasaka. Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 20 Februari

Picha ya kopo imeletwa. Mwanamke wa Kizungu, kofia ya manyoya, kikombe kwa vidole viwili. Nyuma yake kasri. Juu yake maandishi ya dhahabu: chai ya Kiingereza, ya kifungua kinywa. Nimeigeuza karatasi mara tatu. Gatharaini hakuna. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, imeandikwa kwamba imefungwa Kanada.

Kiingereza kivipi? Malkia gani aliwahi kupanda mteremko ule na kikapu mgongoni?

Sikula mchana.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwendea Bwana Amin. Hakunificha. Wanunuzi wa maduka makubwa walionyeshwa makopo mawili, letu na hili. Wakachagua hili bila kufikiria mara mbili.

"Sikiza, Mwangi," akasema. "Baba yangu alikuwa na duka Kisumu. Sabuni imetoka Nairobi, lakini mteja anauliza, iko ya Uingereza? Baba anasema iko. Sasa mimi hapa Toronto niseme nini?"

Kisha akanimiminia chai kwa mkono wake. Nilitaka kumchukia nikashindwa, na hilo limenikasirisha zaidi.

Jumamosi, 22 Februari

Bado nina hasira. Nimemkumbuka mzee wa Kiingereza aliyenifundisha kuonja, kule kwa madalali wa chai Mombasa. Alikuwa mpole. Alitufundisha chai ipi ni nzuri, yaani ipi itawapendeza watu wa kwao na maziwa yao ya baridi. Tulikariri. Wala hatukumuuliza yetu sisi, iliyochemshwa na maziwa sufuriani, inapimwaje. Bendera yao waliikunja wakaondoka nayo. Kijiko cha kuonjea wakaniachia mimi. Na ninakijua vizuri kijiko hicho kuliko wao.

Jumatano, 5 Machi

Mashine za kufungasha chai hazianzi bila sahihi ya mwonjaji kwenye fomu. Nilikaa na ile fomu hadi saa nane mchana. Nikatia sahihi. Heshima haipikwi ikaliwa.

Nimerudi nyumbani na kopo moja. Binti yangu Wanjiru amelitazama, akasema kwa Kiingereza, kama anavyojibu kila kitu, kwamba ni zuri sana. Nikamfokea. Hakustahili. Nimemwomba msamaha, akanikubalia macho yakiwa kwenye simu.

Alhamisi, 27 Machi

Mama ameuliza tena kuhusu kopo. Nimesema liko njiani. Uongo.

Jumamosi, 29 Machi

Mama Shiro wa kanisani anasafiri kwenda Kenya keshokutwa, na kijiji chake ni jirani na chetu. Amepita kuchukua mzigo wa kumpelekea Mama. Sikuwa na cha kumpa ila lile kopo.

Jana kazini nilichapisha lebo moja. GATHARAINI, rangi ya kijani. Leo asubuhi nikaibandika mbele. Ikafunika kofia, kasri, maandishi ya dhahabu, vyote. Nikaisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka ikalala. Kopo la pekee duniani, na ni la kughushi. Mtu mzima namdanganya mama yangu kwa gundi.

Lakini jina lilipendeza. Nililitazama muda mrefu kabla ya kulivingirisha kopo ndani ya sweta.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Nimempigia Mama baada ya ibada. Kopo lilifika salama. Nikangoja aseme kuhusu jina.

Akasema ile karatasi ya jina ameitoa kwa maji moto. Ilikuwa inaficha picha.

"Uliisoma?"

"Niliisoma, baba. Ni kwetu."

"Mbona ukaitoa?"

"Watu wangesema ni chai ya hapa tu."

Amelipandisha juu ya kabati la vyombo, yule mwanamke akitazama mlango. Wenzake wa kituoni wamekuja, wamelishika kwa zamu. Amewaambia mwanawe ndiye anayewaonjea Waingereza chai yao. Hajalifungua wala hana mpango wa kulifungua. Chai kama ile, anasema, si ya kunywa ovyo. Wageni wa Pasaka amewapikia ile ya vumbi, ya bei rahisi dukani.

Alikuwa na furaha. Sijamsikia hivyo tangu Baba afe.

Nikamwambia asiliweke mahali pa jua. Rangi itapauka.