Lango la Malisho ya Chini

Kericho, 9 Oktoba 1934

Mdogo wangu Nyang'au,

Pokea salamu nyingi kama majani ya chai. Mimi mzima, nimenenepa kidogo. Mama hajambo? Na ng'ombe wake mwekundu, mimba yaendeleaje?

Ndugu, leo unaandikiwa na msomi. Serikali imeleta darasa la wakulima hapa, siku kumi na mbili, na bwana wa kiwanda amenipa ruhusa. Yuko Alfayo, tunayelala naye chumba kimoja, anaandika polepole kama kobe. Mimi nakamata neno likiwa bado hewani! Tumefundishwa kwamba nyasi zikiliwa kila siku mizizi hufa, na udongo unaondoka na mvua. Basi gawa malisho yetu mafungu mawili. Ya chini, kando ya mto, zungushia miiba ufunge lango. Ng'ombe wale juu tu. Usimfungulie mtu, hata chifu aje na kofia yake.

Kaka yako mkubwa, Mwalimu Mokaya


Chepilat, 2 Desemba 1934

Kaka, salamu.

Sisi wazima, ila goti la mama linamsumbua. Nilifunga kama ulivyosema. Majirani wanacheka, "Siku hizi mnachunga miiba?" Sasa nyasi za chini zimefika kiunoni, mvua imekoma, na huku juu ni vumbi. Tunafungua lini? Unajua kwetu lango lililofungwa na kifungua mimba, mdogo haligusi. Tuma neno.

Mdogo wako, Nyang'au


Kericho, 14 Desemba 1934

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, ila kiwanda kinatuchemsha. Swali lako ni zuri, la mtu anayeanza kuelewa. Lakini mambo ya kufungua ni marefu, hayaenei katika barua. Ngoja kidogo. Hao wanaocheka waambie mimi nimefika Nakuru mara mbili. Mama akande goti kwa maji moto.

Kaka yako


Chepilat, 6 Januari 1935

Kaka,

Jana ng'ombe mwekundu alianguka, tukamwinua watu wanne. Kila asubuhi mama anapitisha mkono katikati ya miiba, anakata nyasi za chini kwa kisu, anamlisha mdomoni. Nilimwambia tufungue tu. Akasema, "Mokaya amesoma. Ana sababu yake." Mikono yake imechanika.

Sababu yako ni ipi?

Nyang'au


Kericho, 9 Januari 1935

Nyang'au, fungua. Leo, kabla hujamaliza kusoma.

Darasa lilikuwa siku kumi na mbili, mimi nilikaa tano. Siku ya sita Joab dereva aliniita twende Kisumu na lori lake. Nikaona, kufunga nimeshajua, kumebaki nini tena? Ulipouliza, niliona aibu kumwendea Alfayo, maana ndiye niliyemcheka. Jana nimemwendea. Akafungua daftari lake: siku ya nane, malisho yanafungwa wakati wa mvua ili yaliwe kiangazi. Basi. Hiyo ndiyo sababu yenyewe.

Joab ataacha barua hii dukani Chepilat, pamoja na koti langu. Mpe mama, umande usimpige.

Niambie kama ng'ombe yuko hai.

Mokaya


Kericho, 30 Januari 1935

Mdogo wangu,

Joab anaapa aliiacha dukani. Nimeuliza kila muuza kuku anayetoka huko, hakuna anayemjua ng'ombe wetu. Nalala nikiamka. Nitukane, lakini andika.

Kaka yako


Chepilat, 12 Februari 1935

Kaka, salamu.

Barua yako nilimsomea mama yote, hata pale pa Kisumu. Akavaa koti, akaenda kuondoa miiba kwa mikono yake mwenyewe. Ng'ombe alisimama siku ya nne. Ndama alizaliwa amekufa.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa darasani. Limefika na huku kwetu. Nilikaa siku zote kumi na mbili. Mwalimu ni yule yule aliyewafundisha Kericho; aliposikia jina la baba akaniuliza, "Yule mchekeshaji wenu hajambo?" Nikasema hajambo.

Mama amesema lango nilishike mimi. Mvua ya kwanza ikinyesha nafunga. Ukija Pasaka ukakuta limefungwa, usiguse miiba. Simama hapo uniite, nitakuja kukufungulia.

Koti linamfaa. Analivaa hata ndani ya nyumba.

Mdogo wako, Nyang'au