Mkwe Ndani ya Simu

Jumapili, 1 Juni

Kanisa. Kufua. Kisha simu ya mwanangu Nafula saa kumi, kama kila Jumapili. Simu naiegemeza kwenye mkebe wa majani ya chai, mimi nakaa karibu na cherehani. Tumbo lake limekuwa kubwa. Miguu imevimba. Anasema ni kawaida, yeye ni muuguzi, anajua. Sipendi akisema kawaida huku anahema kama aliyepanda milima ya Wundanyi kwa miguu.

Wekesa, mume wake, alipita nyuma yake na sahani. Aliinama kama mtu anayepita chini ya kamba ya nguo. Mimi nikageukia dirisha. Nafula akacheka, akasema sisi wawili tunamchosha.

Acheke. Kwetu Bungoma mwanamume na mama wa mke wake hawakai chumba kimoja, hawasalimiani kwa mkono, hawatazamani usoni. Nimeishi Voi tangu marehemu mume wangu aajiriwe reli. Mengi nimeyaacha njiani. Hilo sijaliacha. Siku ya harusi yao nilikaa nyuma ya nguzo ya kanisa. Halafu wakaenda Ujerumani, nikadhani yameisha. Sasa simu inamleta mezani kwangu, kando ya chumvi.

Jumanne, 3 Juni

Nilimuuliza wifi yangu, dada ya marehemu, aliyebaki Bungoma. Swali langu lilikuwa moja: mkwe akiwa kwenye simu, ni picha au ni mtu? Akanirudishia ujumbe mrefu wa sauti. Picha ya ukutani si kitu, haikuoni. Hii inakuona. Kwa hiyo ni mtu. Akanikumbusha watu waliovunja mwiko huo: kutetemeka mwili, watoto kuzaliwa dhaifu. Alitaja majina.

Mimi ni Mkristo. Nina sare ya akina mama wa kanisa, niliishona mwenyewe. Niliogopa hata hivyo.

Nimekata plasta, nikaibandika juu ya jicho la simu. Nitaona bila kuonekana. Nimejisifu sana peke yangu.

Alhamisi, 5 Juni

Sare za shule ya Kishushe. Kola zote. Mgongo unauma.

Plasta ni dawa. Nafula alipiga nikiwa nimejifunga leso kifuani, kichwa wazi, nachambua mchicha. Sikujisumbua. Picha yangu ndogo bado iko pale pembeni, lakini nadhani hiyo ni yangu ya kujitazama tu, kama kioo. Wekesa alipita mara mbili. Nikamtazama vizuri, kwa mara ya kwanza tangu amwoe mwanangu. Ameanza upara. Ana mabega ya mtu anayebeba vitu vizito. Alimwekea Nafula mto chini ya miguu bila kuambiwa.

Nilifurahi kumwona. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi, 7 Juni

Aibu. Aibu tupu.

Mama Wakesho, jirani yangu anayeuza kabeji za Wundanyi, alikuja kuazima sindano. Akaona plasta. Nikamweleza. Alicheka mpaka akakaa chini, pale pale sakafuni, kwenye vipande vya nguo. Nimebandika jicho la nyuma. Linaloniona liko mbele, juu ya kioo, dogo kama tundu la sindano. Sikuamini. Akanipigia kwa simu yake na kunionyesha: mimi huyo, pua yote, na plasta yangu iko mahali pake.

Kwa hiyo mkwe wangu ameniona na leso. Ameniona nikichokonoa meno.

Nilimpigia Nafula bila picha. Nilikuwa mkali. Kwa nini hakuniambia? Akasema alidhani hatimaye nimezoea, hakutaka kuniharibia. Halafu akasema: "Mama, yeye hakuangaliangi. Akisikia sauti yako tu anageukia friji."

Nilitaka hilo linitulize. Halikunituliza. Yeye aligeukia friji. Aliyetazama ni mimi.

Jumatatu, 9 Juni

Nafula amelazwa. Presha. Ujumbe mfupi tu: usijali, wananiangalia vizuri, mtoto anacheza.

Muda haujafika. Bado wiki kadhaa.

Nimekata suruali moja vibaya. Nimeacha kazi.

Jumanne, 10 Juni

Wifi alipiga asubuhi. Nilifanya kosa la kumweleza habari za plasta. Akasema si alinionya. Namchukia leo. Nitamsamehe, lakini si leo.

Najua presha ni ugonjwa. Nafula mwenyewe alinieleza miaka iliyopita, alipokuwa akisomea. Najua. Lakini nilimtazama mume wake siku ya Alhamisi na kufikia Jumatatu yuko hospitali, na hakuna anayeweza kuniondolea hesabu hiyo kichwani. Kama ni jicho lililoleta haya, basi lifumbwe.

Nimemwandikia Nafula: ukiwa na neno, mpigie Mama Wakesho. Kisha nimeizima simu, nikaifunga kwa taulo, nikaitia kwenye sanduku la bati chini ya mablanketi. Ni upumbavu. Nimefanya.

Jumatano, 11 Juni

Hakuna habari. Mfereji umekauka tena. Vumbi jekundu mpaka ndani ya sukari.

Nimeshona mkono wa shati nje ndani. Nimeomba. Nimeomba tena. Mara mbili nimefungua sanduku, nikaligusa taulo, nikafunga.

Alhamisi, 12 Juni

Niandike yote kabla sijachanganya.

Baada ya chakula cha mchana Mama Wakesho aliingia bila kubisha, simu mbele yake kama sinia la moto. "Mama Nafula, shika. Huyu kijana analia."

Kwenye kioo kulikuwa na ukuta mweupe na sikio. Wekesa. Alikuwa amegeuza uso na anauambia ukuta. Presha ya Nafula ilipanda sana asubuhi, wakamkimbiza kupasuliwa. Mtoto ametoka, msichana, mdogo lakini mzima. Nafula bado yuko ndani, anavuja damu, hakuna anayemwambia kitu. Sista wa wodi alimvua yeye Wekesa shati, akamlaza mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ndivyo wanavyofanya huko, akatoka mara moja kumhudumia mwingine. Mtoto alilia, sasa analia kidogo kidogo. Yeye hajui mkono uwekwe wapi.

"Mama, naogopa nitamvunja," akasema. Kwa ukuta.

Nilikuwa nimegeukia dirisha. Na mimi naongea na dirisha. Mpaka hapo sikuwa nimeona kitu isipokuwa lile sikio. Mama Wakesho akanigusa bega, akasema nitazame lile blanketi.

Nikatazama. Kwa sababu yangu, kwa sababu hana shati na mimi ni mama mkwe wake, alikuwa amevuta blanketi mpaka shingoni. Mtoto alikuwa chini yake. Kichwa, uso, vyote. Sauti ilikuwa inatoka kama ya paka aliyefungiwa kabatini. Heshima yetu ndiyo ilikuwa imemfunika.

Nikasema atoe blanketi. Akashika ukingo, asishushe. Akaomba msamaha, akasema hana nguo.

"Wekesa," nikasema. "Niangalie. Shusha hilo blanketi mtoto apumue."

Sijawahi kumwita jina lake. Hata siku ya mahari sikulitaja.

Akageuka. Macho mekundu, midomo imekauka. Akashusha. Na pale kifuani, mdogo kuliko mkate, kichwa kimeanguka kando, mjukuu wangu. Nilichukua pakiti ya unga, nikaizungushia leso, nikaiweka kifuani pangu. Nikamwonyesha. Mkono mmoja chini ya makalio. Mwingine nyuma ya shingo, vidole wazi. Uso ugeuzwe upande, pua iwe huru. Blanketi liishie mabegani pa mtoto. Alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Alifanya kila nilichofanya. Mikono yake mikubwa ilikuwa inatetemeka, lakini ni ya mtu anayeogopa, si ya laana.

Mtoto akatoa sauti moja kali, ya mtu aliyekasirika, kisha akatulia. Sista akarudi, akamwangalia, akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa.

Sikumwambia akate simu. Hakukata. Tulikaa hivyo, yeye na mtoto, mimi na pakiti ya unga, Mama Wakesho ameshika simu kwa mikono miwili na hachoki. Nilimtazama usoni muda wote, naye alinitazama, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na mwingine wa kumtazama.

Jua lilikuwa limeanza kushuka daktari alipoingia. Sikuelewa lugha. Nilielewa uso wa Wekesa.

Nafula mzima.

Ijumaa, 13 Juni

Nimetoa simu sandukuni. Sauti ya Nafula ni ya kukwaruza. Ameuliza kama ni kweli nilimlea mtoto wake kwa pakiti ya unga. Nikamwambia unga wenyewe nimeshindwa kuusonga ugali, nimempa Mama Wakesho. Akacheka, mshono ukamuuma, akanilaumu mimi.

Jumatatu, 16 Juni

Wifi amepiga. Amekuwa mpole. Anasema yaliyovunjika hutengenezwa, tubadilishane vitu na mkwe wangu, mimi nimpe blanketi. Blanketi! Nilicheka mpaka akakata simu.

Nimempigia tena. Nimemsamehe. Blanketi nitatuma.

Jumapili, 22 Juni

Kanisa. Kufua. Saa kumi.

Wamerudi nyumbani. Mtoto amepewa jina la mama yangu. Ana paji la uso la baba yake, nami sasa naweza kusema hivyo kwa sababu nalijua. Nafula bado ni dhaifu, lakini miguu imerudi kuwa miguu.

Wekesa amerudi kwenye friji yake. Nilisikia hatua zake zikiishia pale. Hakuna aliyemwambia arudi, na mimi sikumwita. Ni vizuri hivyo. Nilikuwa nimefunga kilemba, nimevaa gauni la maana.

Mtoto akaanza kulia. Mkono ukaingia kutoka kando ya kioo, mkono tu, na chupa ya maziwa. Ulikaa kidogo, ukatengeneza shingo ya mtoto, vidole wazi, kisha ukatoka.

Sikugeukia dirisha.