Vile Vichupa vya Gesi Ulivitoa Wapi?

Kwako yaya, kaka yangu mkubwa uliye Nizi,

Ninakuandikia kwa sababu mdomo wangu, unaujua, hukwama. Nimemaliza sekondari mwaka huu na bado siwezi kumsemesha mtu bila kutazama vidole vyangu.

Unakumbuka mzinga wetu wa mapera? Bomba la plastiki, na kichupa cha gesi iliyoshindiliwa, kidogo kama kidole gumba. Ukifyatua, pera liliruka juu ya paa la jirani, na kichupa kikawa baridi mpaka kikauma mkono. Hapa Bunia mlio kama ule huwalaza watu chini ya vitanda, kwa hiyo ulinituma kwanza nyumba kwa nyumba kutoa taarifa. Nilibisha hodi nikitazama vidole vyangu. Mama Furaha, wa mlango wa pili, aliniuliza, "Na wale ya bunduki, nao wanatumaka dada yao mbele?" Ulicheka mpaka ukakaa chini. Sina Jumapili nzuri kuliko zile.

Mara moja tu nilikuuliza vichupa vilitoka wapi.

"Mu mitumba. Vitu ya kutupa," ulisema. "Weye iko polisi?"

Nikaenda kuokota mapera.

Wiki iliyopita, tulipohamisha kitanda chako, nilikuta jile ya rangi ya machungwa, kama zile wasafiri wa ziwa huvaa wasizame: ukivuta kamba, inajaa hewa. Ndani yake palikuwa na tundu la kukazia kitu kwa kuzungusha. Lilikuwa tupu. Nilitoa kichupa kimoja katika kopo tulimotunza vilivyotumika, nikakizungusha pale. Kiliingia sawasawa: gesi yake ndiyo iliyokuwa ya kuijaza.

Nilikutetea kichwani siku mbili. Labda ilikuwa jile moja tu. Lakini kopo lina vichupa kumi na tisa. Jile kumi na nane ziko wapi, yaya?

Ijumaa shangazi alipita kwetu akitoka Kasenyi, kando ya ziwa, na samaki wake wa chumvi. Jile yake ilikuwa begani. Nilimwomba niione.

"Mutoto, unatafuta nini mule? Iko mupya. Vuta kamba uone."

Nilivuta. Ikabaki laini mikononi mwangu kama shati. Shangazi aliitazama, kisha akanitazama mimi. Amevuka nayo ziwa tangu mvua za kwanza, na hajui kuogelea. Akasema polepole, "Niliinunua kwa kijana mumoja wa soko."

Nilimwambia asiivae tena. Sikumwambia kwa nini. Hapo nililificha jina lako.

Labda hukujua kwamba jile ulizozitoa vichupa zingeuzwa na kurudi majini. Nataka kuamini hivyo. Lakini nikikumbuka swali lako la polisi, naona lilikuja haraka mno. Mtu asiye na la kuficha angenionyesha mahali alipovinunua.

Usiniandikie kwamba nisiwe na wasiwasi. Niandikie jina la aliyezichukua kwako, na idadi ya jile, maana kila moja iko mgongoni mwa mtu anayeiamini. Jumatatu asubuhi nitakwenda sokoni kumtafuta yule kijana, hata bila jibu lako. Nikiulizwa zilitoka kwa nani, nitataja jina lako.

Nakupenda, yaya. Na nitalitaja.

Ni miye,
mdogo wako